Wasimika Onyesho: Istilahi za Kazi Zisizoonekana katika Muziki wa Okestra

1. Dibaji

Kila mara istilahi mpya inapotakiwa, huwa kuna kazi iliyokwama mahali fulani kwa kukosa jina. Makala haya yametokana na kazi ya namna hiyo. Tuliletewa nakala ya barua iliyoandikwa na kamati ya onyesho la muziki katika Mkoa wa Kagera. Kamati ilikuwa imealika kikundi cha wapigaji wa fidla, zumari na tarumbeta kije kusindikiza kwaya, na ikaiomba ofisi moja msaada wa vifaa na watu. Orodha yake ilisomeka hivi: kondakta 1, stendi 20, mafundi 2, wachukuzi 6. Karani aliyeipokea aliielewa kama mtu yeyote wa Tanzania angeielewa, akaipeleka sehemu ya usafirishaji. Baada ya siku chache barua ilirudi na swali lililoandikwa pembeni: basi lenyewe ni namba gani?

Kosa hilo lilichekesha, na likasahihishwa kwa urahisi. Kosa la pili halikuchekesha. Onyesho lilipokwisha, hati ya malipo ilikuwa na vichwa viwili tu: “Wasanii” na “Wengineo”. Mwalimu mmoja, ambaye kwa siku tatu alikuwa amenakili nota kwa mkono ili kila mpigaji awe na karatasi yake, hakuwa msanii kwa maana ya hati ile, kwa kuwa hakupanda jukwaani. Aliwekwa chini ya “Wengineo”, na “Wengineo” hawakuwa na kiwango cha malipo. Kwa hiyo mwalimu yule hakulipwa kitu. Mweka hazina hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitafuta jina la kazi ya mtu huyo katika Kiswahili cha ofisi, asilipate.

Katika makala haya tunakusudia mambo matatu: kwanza, kueleza kazi zinazofanywa kabla na wakati wa onyesho la okestra na watu wasioonekana na watazamaji, pili, kuonyesha kwamba dhana hizo si ngeni katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, na tatu, kupendekeza istilahi ambazo wafasiri, waalimu na watumishi wa serikali wanaweza kuanza kuzijaribu.

2. Ushahidi wa Bweranyange

Baadhi ya wasomaji watauliza: okestra ina uhusiano gani na Karagwe? Ikiwa kwa okestra tunamaanisha fidla na piano, uhusiano wake ni mdogo. Lakini tukimaanisha wapigaji wengi, wa ala za namna mbalimbali, waliopangwa mahali pamoja na kuongozwa kwa utaratibu mmoja mbele ya watazamaji, basi habari zake ziliandikwa Karagwe zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alikuwa mgeni wa Mukama Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange. Katika kitabu cha safari yake kilichotolewa mwaka 1863, Speke anaeleza sherehe ya mwezi mwandamo. Aliona ngoma 35 zimepangwa chini, na nyuma ya kila ngoma amesimama mpigaji wake. Mukama aliketi mlangoni mwa nyumba yake kuu, amevaa taji la ushanga lenye manyoya mekundu. Wageni waliketishwa karibu na Nnanaji, ndugu yake Mukama, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa sherehe. Ngoma zote 35 zikalia kwa pamoja, na Speke mwenyewe anakiri kwamba zilipatana vizuri. Zilipokoma, likaitwa kundi dogo la ngoma za mkono na ala za matete.

Tuisome habari hiyo kwa jicho la mtu wa istilahi. Tunaambiwa idadi ya ngoma, mavazi ya Mukama na jina la msimamizi. Hatuambiwi ni nani aliyezipanga ngoma zile, wala ni nani aliyekuwa akizihifadhi. Tena Novemba na Desemba ni miezi ya mvua katika nchi ile. Kila mpiga ngoma anajua kwamba ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na ngoma yenye ngozi iliyolegea haitoi sauti yake. Ngoma 35 haziwezi kupatana katika msimu wa mvua pasipo mtu wa kuziweka pakavu, kuzikanza na kuzijaribu moja moja. Watu hao hawakosi kuwapo siku ile. Walichokosa ni kuandikwa.

Kwamba kazi hiyo iliweza kuwa ya heshima, tunaona kwa jirani. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika ufalme wa Ankole, ngoma ya kifalme iliyoitwa Bagyendanwa ilikuwa na nyumba yake, ng'ombe wake na wahudumu wake maalumu. Katika lugha kadhaa za ukanda wa maziwa makuu neno litajalo ngoma hutaja pia utawala. Mahali ambapo ngoma ni utawala, mtunzaji wake hawezi kuwa mtu wa “wengineo”.

Hata hivyo, tusidhani kwamba tukienda vijijini tutakuta istilahi zote zimekwisha tengenezwa zikitungoja. Katika ziara yetu ya Karagwe na ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tulihudhuria harusi moja karibu na Nkwenda. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Wapigaji waliketi wakingoja, na kijana mmoja akawa anazisogeza ngoma karibu na moto, akizigeuza na kuzigonga kwa kidole, mpaka mzee wa ngoma alipoitikia kwa kichwa. Tulipouliza kijana yule anaitwaje kwa kazi ile, tulitajiwa jina alilopewa na wazazi wake. Jina la kazi halikutajwa.

3. Kazi zenyewe

Kabla ya kutafuta maneno ni lazima kuzijua dhana. Tuchukue okestra ya simfonia iliyo kamili, yenye wapigaji kati ya 80 na 100, tuone ni kazi gani zinazotangulia sauti ya kwanza.

Kazi ya kwanza ni ya karatasi. Mwongozaji anasoma kitabu chenye nota za ala zote, zimepangwa mstari juu ya mstari. Mpigaji anasoma karatasi yenye nota za ala yake peke yake. Ni lazima pawe na mtu wa kuzipata karatasi hizo, kuzihesabu, kuzirekebisha na kuzikusanya baadaye. Mtu huyo pia hunakili alama za upinde, yaani alama zinazowaonyesha wapiga fidla lini upinde ushuke na lini upande, ili mikono yote ya kundi moja iende pamoja. Karatasi moja ikipotea, ala moja inanyamaza.

Kazi ya pili ni ya mahali. Wapiga fidla hukaa wawili wawili, kila wawili wakisoma karatasi moja. Kwa hiyo wapiga fidla 14 huhitaji viti 14, lakini vya kuwekea nota huhitaji 7 tu. Wapuliza zumari na tarumbeta husoma kila mtu karatasi yake. Wapigaji wa besi kubwa hutumia viti virefu au husimama. Mtu asiyejua hesabu hiyo ataweka viti vingi mahali pasipohitajika na kuvipunguza mahali panapohitajika, na onyesho litachelewa watazamaji wakiangalia.

Kazi ya tatu ni ya sauti za ala. Kwa desturi, zumari iitwayo obo hutoa sauti moja, na ala nyingine zote hujilinganisha nayo. Kipimo kinachotumika sana duniani ni mitetemo 440 kwa sekunde. Lakini hewa haikai mahali pamoja. Joto linapozidi, sauti ya ala za kupuliza hupanda, na nyuzi hulegea sauti yake ikashuka. Ngoma kubwa za shaba ziitwazo timpani, zinapowambwa kwa ngozi ya ndama, huathiriwa na unyevu kama zilivyoathiriwa ngoma za harusi ya Nkwenda. Piano nayo hailinganishwi na mpigaji wake, bali na fundi afikaye saa kadhaa kabla ya watu.

Kazi ya nne ni ya wakati. Kuna mtu asimamaye kando ya jukwaa, mwenye saa na orodha, ambaye huwaita wapigaji, huamuru taa zizimwe au ziwashwe, na humwashiria mwongozaji aingie. Katika onyesho lililopangwa vizuri hakuna anayemwona.

Mahali ambapo watu ni wachache, kazi hizi huangukia mikononi mwa wapigaji wenyewe. Mfano ulio maarufu uko Kinshasa, ambako Okestra ya Simfonia ya Wakimbangu iliundwa na Armand Diangienda mwaka 1994. Katika miaka ya mwanzo, wapigaji walitumia nyaya za breki za baiskeli badala ya nyuzi za fidla zilizokatika. Filamu ya Kinshasa Symphony, iliyotolewa mwaka 2010, inaonyesha umeme ukikatika katikati ya mazoezi. Mmoja wa wapigaji, ambaye ni fundi umeme, anaiweka ala yake chini na kwenda kuurudisha. Mtu mmoja ana kazi mbili. Ikiwa lugha inaitambua moja tu kati ya hizo, basi nusu ya jasho lake haiandikiki.

4. Majina yaliyopo, na kasoro zake

Kiswahili si maskini katika uwanja wa muziki. Taarabu ya Zanzibar, ambayo chama chake kikongwe cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, imetupa fidla, udi, kanuni na nai, pamoja na majina ya wapigaji wake. Upungufu uko kwa wale wasiopiga. Tumeyapima maneno yafuatayo kabla ya kupendekeza mengine.

Okestra. Neno hili limekwisha ingia, lakini kwa wasikilizaji wengi wa Tanzania ni bendi ya dansi, kama vile Mlimani Park Orchestra iliyoanzishwa mwaka 1978. Hatuoni sababu ya kuwanyang'anya watu maana hiyo. Panapohitajika kutofautisha, isemwe “okestra ya simfonia”, “okestra ya dansi” au “okestra ya taarabu”.

Kondakta. Huyu ana basi lake, naye amekwisha kaa. Anayeongoza wapigaji aitwe mwongoza okestra.

Nyuma ya pazia. Maneno haya hutumika sana katika magazeti, lakini yamekwisha pata harufu ya njama. Mtu akisema kwamba Fulani anafanya kazi nyuma ya pazia, msikilizaji hutega sikio kusikia hila.

Watu wa uani. Pendekezo hili lilitoka kwa mwenzetu wa pwani, na lina mvuto. Katika nyumba ya Waswahili, karamu huliwa barazani lakini hupikwa uani. Tulilikataa kwa shingo upande, kwa kuwa “kwenda uani” ni tafsida ya jambo jingine, na hati ya serikali isingesalimika na kicheko.

Vibarua, wasaidizi, wahudumu. La kwanza hutaja namna ya kulipwa, wala halitaji kazi. La pili halisemi anasaidiwa nani kwa lipi. La tatu limekwisha chukuliwa na hoteli na ndege.

Waandalizi, watayarishaji. Waandalizi ni kamati. Mtayarishaji ni mtu wa redio na filamu. Maneno yote mawili yana wenyewe.

Mwamba. Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Tulitamani sana kulifanya neno hili kuwa la jumla, maana linatoka katika kazi yenyewe. Lakini likisimama peke yake, mwamba ni jiwe kubwa, na tukisema mwambaji tunamkaribia msengenyaji. Libaki katika umbo lake kamili: mwamba ngoma ni yule anayevutia ngozi juu ya ngoma.

5. Mapendekezo

Katika kuunda istilahi tumefuata desturi inayojulikana: kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na kukopa mbali pale tu palipokosekana njia. Hivyo ndivyo tulivyolipata neno “ng'atuka” kutoka Kizanaki. Safari hii Kiswahili kimetutosheleza. Aidha tumefuata muundo uliozoeleka wa mtenda na kitendwa, kama katika mpiga ngoma na mfua chuma, ili neno liweze kuandikwa katika hati bila maelezo marefu.

(a) Msimika onyesho (wasimika onyesho): jina la jumla la kila mtu afanyaye kazi ya kuliwezesha onyesho bila kulicheza. Kusimika ni kusimamisha kitu wima, kama nguzo; tena ni kumweka mtu katika cheo chake, kama mtawala au askofu. Kazi ni ya mikono, na maana yake ni ya heshima. Katika nchi ambako ngoma ilikwenda pamoja na utawala, neno hili halitakuwa geni.

(b) Msimamizi wa jukwaa: aongozaye wakati wa onyesho kutoka kando, na ambaye amri yake hufuatwa na wasimika wote.

(c) Mtandika jukwaa: apangaye viti na marufaa kwa kufuata mchoro wa onyesho. Tumeliacha neno “mpangaji” kwa sababu ya mpangaji wa nyumba. Kutandika ni kazi ijulikanayo kwa kila mwenyeji anayengoja wageni.

(d) Marufaa ya nota: kifaa cha kuwekea karatasi za nota mbele ya mpigaji, badala ya “stendi”, ambayo ni ya mabasi. Marufaa ni neno la siku nyingi katika Kiswahili. Ni kile kiegemeo cha kitabu kinachotumika chuoni. Kitu ni kile kile, kazi ni ile ile.

(e) Nota jumla: kitabu chenye nota za ala zote, asomacho mwongoza okestra. Nota za ala: karatasi ya ala moja, asomayo mpigaji.

(f) Mtunza nota: atafutaye, anakiliye, arekebishaye na ahifadhiye nota. Tumeacha “mkutubi”, kwa kuwa mkutubi huazimisha kitabu kama kilivyo, hali mtunza nota huandika ndani yake. Mwalimu tuliyemtaja mwanzoni alikuwa mtunza nota.

(g) Mlinganisha ala: fundi wa kuziweka nyuzi za piano na ala nyingine katika sauti zake. Atofautishwe na fundi ala, ambaye huunda au kutengeneza ala iliyoharibika.

(h) Mkanza ngoma: akanzaye ngoma kwa moto au jua ili ngozi ikaze na sauti irudi. Tunalipendekeza kwa ngoma za asili na vilevile kwa timpani za ngozi, hata pale chanzo cha joto kinapokuwa taa ya umeme.

(i) Mchukuzi wa ala: apakiaye, abebaye na apakuaye ala. Mchukuzi tunaye tangu zamani. Tumeongeza “wa ala” kwa kuwa kubeba besi kubwa si sawa na kubeba gunia la kahawa, na hasara ya kuiangusha ni kubwa zaidi.

(j) Mgeuza kurasa: aketiye kando ya mpiga piano na kumgeuzia kurasa. Ni lazima ajue kusoma nota.

(k) Fundi sauti na fundi taa: maneno haya yamekwisha enea. Yatumike badala ya “fundi mitambo” pale ambapo kazi hizo mbili zina watu wawili.

6. Matumizi na pingamizi

Tumekwisha sikia pingamizi mbili. Ya kwanza yasema kwamba maonyesho ya okestra ya simfonia ni machache nchini, na kwamba istilahi zitangulie mahali penye watu wengi. Jibu letu ni kwamba maneno haya hayakufungwa ndani ya simfonia. Kwaya yenye tarumbeta, kikundi cha taarabu, bendi ya dansi, na kundi la ngoma la shule ya msingi huko Murongo, wote wana mtu wa kutandika na mtu wa kuchukua. Penye ngozi pana mkanza ngoma.

Pingamizi ya pili yasema kwamba katika vikundi vidogo mtu mmoja hufanya kazi tano. Je, apewe majina matano? Tunasema hapana. Katika hati aandikwe kwa kazi yake kubwa, na kazi nyingine zitajwe kama nyongeza. Hapo ndipo jina la jumla, msimika onyesho, linapofaa, na ndiyo sababu tumelitanguliza. Hati ya malipo yenye vichwa “Wapigaji”, “Waimbaji” na “Wasimika onyesho” haina haja ya “Wengineo”.

Waalimu wa muziki wanaweza kuyajaribu maneno haya kwa njia nyepesi: kabla ya onyesho la shule, wagawe kazi kwa majina, waandike majina hayo ubaoni, na wayasome mbele ya watazamaji pamoja na yale ya waimbaji. Wafasiri wayapime katika tafsiri za ratiba na mikataba. Makarani wayapime katika fomu.

7. Hitimisho

Orodha hii haijasanifiwa. Ni mapendekezo, na tunayatoa ili yapigwe msasa. Hatuna hakika sawa juu ya maneno yote: “marufaa” tunalitetea kwa nguvu, “nota jumla” kwa nguvu kidogo. Wasomaji wa Karagwe na Kyerwa tunawaomba hasa watuandikie ikiwa katika Kinyambo kuna jina la yule kijana wa kando ya moto, ambalo sisi hatukubahatika kulisikia. Likiwapo, tutakuwa tayari kulilinganisha na “mkanza ngoma” na kulipokea likishinda.

Methali ya mwamba ngoma humwonya mtu asijipendelee. Mwalimu aliyenakili nota hakuvutia chochote kwake. Hati ya malipo ya mwaka ujao itaandikwa na mtu atakayetafuta neno kama alivyotafuta yule wa kwanza. Tungependa safari hii alikute.